Taa Zimewaka, Maji Hayatoki

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani Turwa nikiwa na tope hadi magotini, na moyo haujatulia.

Leo nilikuwa kijiji kimoja huko Serengeti, sitakitaja, kukagua wodi mpya ya wazazi kabla haijakabidhiwa. Ndiyo kazi yangu. Sijengi, siuzi vifaa, na mkandarasi hanilipi. Wenye jengo ndio walioniita nihakikishe umeme na maji vinafanya kazi pamoja, siku nzuri na siku mbaya. Nilijifunza kwa miaka ya kuhangaika na pampu na majenereta ya hoteli za watalii kule Ikoma. Cheti ninacho, ila hakuna cheti kinachokufundisha kusema "bado" mbele ya watu ambao wameshaleta ng'ombe wa sherehe.

Ufunguzi ulikuwa uwe kesho.

Nilizima umeme makusudi, maana mvua huuzima kila mara. Jenereta likanguruma, taa zikawaka, kina mama wakapiga vigelegele. Nikaingia chumba cha kujifungulia, nikafungua bomba. Kavu! Pampu haikuungwa kwenye jenereta. Fundi umeme kafuata mchoro wake, fundi bomba kafuata wake, na hakuna aliyewahi kuuliza umeme ukikatika maji yatatoka wapi.

Nikasema haifunguliwi.

Shangazi yangu ameolewa kijiji hicho. Yeye na wenzake walisomba mchanga na mawe kwa vichwa vyao mpaka msingi ukasimama. Mke wa mwanawe anajifungua wakati wowote, na walitegemea atakuwa wa kwanza humo. Akanijia juu mbele ya watu wote: "Wewe hukujenga, wala huzai humo. Unatuzuia kama nani?"

Iliniuma, jamani. Nikamwambia mtalii akikosa maji ananuna tu, lakini mkunga akikosa maji mama akiwa kitandani, mtu anaweza kufa. Akanijibu kwamba hata kwenye chumba cha zamani wanamojifungulia sasa, kwa mwanga wa tochi, watu wanakufa.

Na ni kweli.

Je, yule binti akishikwa uchungu leo? Nitamtazama vipi shangazi? Nilipokwenda kumuaga alinipa mgongo, na njia nzima nimekuwa nikijibishana naye kichwani.

Lakini sijabadili neno. Kesho fundi anavuta waya wa pampu, nami nitakuwa pale asubuhi na mapema. Akimaliza, nazima umeme tena. Shangazi aninunie atakavyo, bomba atalifungua yeye.