Mdoli wa Migdalia: kwa mama yetu Leocadia Maisonet, Adjuntas

Umetimia mwaka sasa, mama, tangu tukurudishe mlimani Adjuntas na kukulaza karibu na baba. Kahawa bado tunakaanga wenyewe, ila hakuna anayeiacha iungue kidogo kama ulivyoipenda.

Ulifua nguo za watu huku unaimba. Jirani akiumwa, mchuzi wako ulimfikia kabla ya daktari. Lakini kwa Bi Aurea, uliyemfulia miaka yote, uliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, macho chini. Wengi hawakujua kwa nini.

Mwaka ule baba hakuwa na kazi. Binti yako Migdalia, wa darasa la pili, alikata majani ya ngamia wa Wafalme Watatu, wale Mamajusi waletao watoto zawadi usiku wa kuamkia Epifania, akayaweka kwenye boksi chini ya kitanda kama watoto wote. Asubuhi ya sikukuu majani hayakuwepo. Palikuwa na mdoli mwenye gauni la manjano. Shule zilipofunguliwa alikwenda naye, amempakata kama kichanga.

Lissette, binti wa Bi Aurea, akamgeuza yule mdoli.

"Huyu si wangu? Ona mguu, mbwa wetu aliutafuna. Kumbe siku hizi Wafalme wanaokota jalalani kwetu."

Darasa zima likacheka. Migdalia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alikukuta unapiga pasi, akakuuliza. Hukumdanganya.

"Nilimwomba kwa Bi Aurea, mwanangu. Gauni nimeshona mimi. Wafalme ni mimi na baba yako."

Kisha ukajifunika uso kwa shati la watu, ukalia. Migdalia hakuwahi kuona mtu mzima akimwonea haya mtoto. Haya ile ilimwingia kuliko kicheko cha darasa.

Mwaka uliofuata akakata majani tena. Kaka yake Efraín akamcheka.

"We naye, ngamia gani? Labda unamlisha mama."

"Nyamaza, atakusikia."

Alikata kila mwaka hadi alipoolewa, usije ukadhani ulimnyang'anya Wafalme wake. Nawe kila mwaka uliyaondoa kimya kimya.

Hospitalini ulimshika mkono. "Nisamehe kwa yule mdoli."

Akitaka kukutua mzigo, akajibu, "Mdoli gani, mama? Mimi sikumbuki."

Ukageukia ukutani. Kesho yake ukatutoka.

Anamkumbuka, mama. Alilala naye usiku wa siku ile ile aliyochekwa, na nyingine nyingi baadaye, kwa sababu gauni lilinuka sabuni yako. Hakukwambia, na sasa hathubutu kuitazama picha yako. Ametuomba tuliandike hili hapa, watu wote walisome, Bi Aurea naye akiwa bado anasoma magazeti.

Wanaokukumbuka ni wanao Migdalia na Efraín, mkweo Heriberto, wajukuu zako Yahaira na Joel, na dada yako Tomasa. Hutatutoka moyoni, mama, siku zote za uhai wetu.