Maneno Waliyokutia Mdomoni

Ndinda, rafiki yangu,

Nimekasirika. Wacha nianze hapo hapo, maana nikianza na salamu utanicheka kama zamani, useme Wambui huzunguka mti mzima kabla ya kuchuma tunda moja. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha kwenye kahawa, changu cha Kikuyu na chako cha Kikamba, ambacho kilitutosha kusengenya shamba zima.

Juzi binamu yako, yule anayeuza vyondo, alipita hapa Ruiru. Nilimkaribisha, nikampa uji. Akaniambia mama yako sasa ametulia, haulizi tena ulikufaje, kwa sababu ameletewa maneno yako ya mwisho. Ati ulipokuwa ukikata roho ulisema: "Waambieni wenzangu wasigombane na mtu, warudi kazini kwa amani." Mama huyarudia kila asubuhi akisali. Nilitaka kuchukua kile kibuyu cha uji nikipige ukutani. Ndinda, kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu. Hukusema hivyo. Hukusema kitu kama hicho.

Wewe unajua ulivyokufa, lakini nataka kuiandika mara moja bila mapambo, maana imeshapambwa mno na wasiokuwepo. Lori la shamba lilikuwa na breki mbovu. Kila tukipanda ule mlima wa kutoka mtoni likishindwa, aliyekaa nyuma kabisa ilibidi aruke na jiwe aliweke chini ya gurudumu, ndipo dereva atie gia upya. Ndiyo ilikuwa desturi yetu, na aibu ni kwamba tuliizoea. Wewe ulipenda kukaa nyuma kwa sababu ya hewa. Ulimlalamikia nyapara, ukamlalamikia karani, ukasema siku moja jiwe litateleza. Walikuita Mkamba wa domo. Asubuhi ile kulikuwa na matope, na jiwe likateleza, lori likarudi juu yako.

Hiyo ndiyo hadithi yote. Haina Mungu wala shetani ndani yake. Ina breki.

Tulipokuzika, wanawake wote wa laini yetu, mstari wetu wa nyumba za vibarua, tulikataa kupanda lile lori. Hatukufanya mkutano, maana tangu serikali itangaze imajensi, hiyo hali ya hatari, sisi Wakikuyu hata kukaa kikundi chini ya mti ni makosa. Kila mmoja alisimama tu na debe lake mlangoni kwake, lori likapiga honi mpaka likachoka. Ungetuona ungefurahi. Kahawa ilikuwa imeiva hadi inaanguka chini, na mzungu mwenye shamba alikuwa akitembea huku na huku na fimbo yake. Siku iliyofuata akamleta diwani.

Unamkumbuka. Yule wa koti la rangi ya udongo, anayetaka kiti kikubwa zaidi ya kile alicho nacho. Yeye anayo ruhusa ya kuhutubia, ruhusa yenye muhuri, wakati sisi hatuna hata ya kunong'ona. Nilidhani atatutisha. Laiti angetutisha! Mtu anayekutisha unajua mahali pa kusimama. Huyu alikuja amevua kofia, akakaa kwenye nyasi pamoja nasi, akanyamaza mpaka wengine wakaanza kumwonea huruma. Kisha akasema, "Mama zangu, mimi sikuja kusema. Nimekuja kulia na nyinyi." Na akalia kweli, machozi haya haya ya maji.

Baada ya hapo alituvika kilemba cha ukoka. Sisi ndio nguzo za nchi, sisi ndio tunaolisha Kenya, bila sisi Nairobi yote italala njaa. Akauliza, "Kuna mama hapa asiyetaka mtoto wake ale?" Nani atajibu yuko? Akauliza, "Kuna mama hapa anayependa ugomvi?" Kila swali lilikuwa na jibu moja tu, na kila jibu lilitusogeza hatua moja karibu na lile lori. Nilisikiliza kwa makini, Ndinda, nikingoja aseme neno breki. Hakulisema. Hakusema hata lori. Alisema "safari ya dada yetu." Alisema "saa yake ilikuwa imefika." Mpaka mtu angedhani wewe ulikufa kwa saa.

Halafu akasimama, akainua mkono kama wazee wetu wanavyobariki.

Wewe ulikuwa ukitucheka kwa hilo. Uliniambia siku ile ya arusi ya dada yangu, "Nyinyi Wakikuyu, mutu akiinua mukono munaitikia tu, hata akisema mukatwe shingo!" Nilikujibu kwa hasira kwamba baraka si mchezo, kwamba mzee akibariki na watu wakisema thaai, hiyo ni amani mbele ya Mungu, Ngai wetu, na neno hilo halirudishwi. Basi diwani anajua hivyo pia. Akasema mvua inyeshe, tukasema thaai. Watoto wetu wakue, thaai. Mifugo izae, thaai. Ndinda apumzike, thaai, na hiyo tuliisema kwa nguvu kuliko zote, wengine wakilia. Kusiwe na kinyongo kati yetu na mwenye shamba, thaai. Na kesho lori lijae, thaai.

Ikawa imetoka. Midomo yote, na wangu ndani yake. Tulitazamana kama watu walioamshwa. Naye alikuwa tayari amemgeukia mzungu, anamwambia kwa Kiingereza, na hata sisi tusiojua Kiingereza tulielewa: wamekubali.

Kesho yake lori lilijaa. Waliogopa, Ndinda, usiwalaumu. Mama ya Kamau alisema akivunja thaai mtoto aliye tumboni atazaliwa na kilema. Nilipanda pia, nikakaa mahali pako nyuma, jiwe miguuni. Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa nilikuwa nimesikia tangu utotoni, lakini siku ile niliisikia ile chupa yenyewe ikipita juu ya ngozi.

Sasa nikwambie ya Thika. Jumapili moja diwani aliomba watu wa kujaza uwanja, mzungu akatutoa kwa lori lile lile, na pasi zetu zote za kutoka shambani zikapigwa muhuri kwa siku moja. Uwanja ulikuwa umejaa: watu wa viwanda, wa soko, Wakamba wenzako kutoka ng'ambo ile, askari na bunduki zao pembeni. Diwani alikuwa juu ya meza. Akaongea habari za umoja, za subira, za maendeleo yanayokuja kwa wanaotii. Halafu akashusha sauti, watu wakanyoosha shingo, akasema, "Nitawaambia habari za dada yangu Ndinda."

Dada yake! Mtu ambaye hakuwahi kukupa hata salamu ya jambo.

Akasema ulilala kwenye damu yako ukatabasamu. Akasema ndipo ukanong'ona yale maneno ya wenzako wasigombane, warudi kazini kwa amani. Akasema ameshatuma mtu ayapeleke kwa mama yako, kwa sababu maneno ya shujaa hayafai kupotea. Wanawake wa Thika walikuwa wakilia mbele yangu. Mkamba mmoja mzee alivua kofia. Nikaona jinsi inavyofanywa: amekuchukua ukiwa maiti, amekupa ulimi wake, na sasa unampigia kampeni.

Sijui ni nani aliyenisimamisha. Nilijisikia nikipiga kelele kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Mimi ndiye niliyemshika! Hakutabasamu! Alisema neno moja tu. Alisema, 'Niliwaambia.'"

Nilimwona askari akianza kuja. Kisha nyuma yangu Cucu Wanjikũ, yule bibi kizee wetu, unajua alivyo mwoga hata wa jogoo, akasimama na kusema kwa ile sauti yake ndogo, "Ni kweri. Nirikuwa hapo. Arisema niriwaambia."

Nilidhani tumemshinda. Ndinda, ungemwona! Hakukasirika hata kidogo. Alitutazama kwa huruma, akawaambia watu, "Mnaona uchungu wa mama zetu? Uchungu humfanya mtu asikie visivyosemwa. Tuwaombee." Akainua mkono. Na watu wa Thika wakaitikia, thaai, thaai, kwa ajili yetu. Walituombea sisi tuliokuwepo tupone ukweli. Nikitaja jambo hili hadi leo meno yangu yanasagana.

Lakini sisi wa laini hatukuitikia. Hata mmoja. Kelele za uwanja zilifunika kimya chetu, wala diwani hakujali, ila sisi wenyewe tulikisikia. Mkutano ulipokwisha tulilipita lori likiwa limefunguliwa nyuma, tukashika barabara kwa miguu hadi Ruiru. Njiani mama ya Kamau aliuliza itakuwaje na ile thaai tuliyosema shambani. Cucu Wanjikũ akamjibu, "Thaai ni ya Ngai, si ya rori," na jambo hilo likaisha hapo.

Tangu siku hiyo tunakwenda kuchuma kwa miguu. Tunafika jua likiwa juu, nyapara anatukana, anasema watachana pasi zetu waturudishe kwenye kile kijiji cha serikali kilichozungushiwa handaki na miiba. Labda watafanya hivyo. Leo asubuhi nililiona lori likipanda mlima wa mtoni, dereva peke yake, likishindwa, likirudi nyuma polepole, na hakuna mtu wa kuruka na jiwe.

Huku mambo mengine yako vile vile. Mstari wako wa kahawa amepewa msichana wa Murang'a, anachuma na mabichi. Nimemwonya. Nikila mhogo bado namega kipande cha pili kisha nakumbuka. Nimekukosa sana, na hata uchungu huo wameuchafua, maana siwezi kukulilia kabla sijamaliza kumtukana diwani.

Sasa nakuaga, na nina ahadi. Nimeomba pasi ya kwenda kwenu. Wakininyima nitakwenda bila pasi. Nitakaa na mama yako chini, nimwambie habari za jiwe na matope, na neno lako lile moja. Najua nitakachofanya: mama yule analala usingizi sasa, na mimi nitamnyima usingizi. Atalia upya kama siku ya kwanza. Nisamehe. Lakini kila asubuhi anasali na maneno ya mtu mwingine akidhani ni mtoto wake. Nitamnyang'anya faraja ile, nimrudishie wewe.

Ni mimi,
Wambui