Mashuka ya Baba

Makongolosi, 6 Julai 2025

Mama mpendwa,

Kamwene. Niliondoka mkipanda mahindi, sasa najua mmeshavuna. Mimi mzima, ila kifua kinabana kwa vumbi la kusaga mawe. Simu yangu imeibwa kambini, kwa hiyo nitaandika. Ezekia, yule dereva wa lori, atabeba barua zetu akileta huku miti ya kuegemezea mashimo ya dhahabu.

Baba anaendeleaje? Vidonda vya mgongoni vimepungua? Ezekia kaniambia ile mashine ya kufulia niliyoinunua Mwanjelwa imefika salama, ila upande wa kukamua hauzunguki vizuri. Msijaze. Wekeni shuka moja, mlitandaze pande zote, na chini ya miguu wekeni ubao isiyumbe. Niliinunua kwa ajili ya hayo mashuka tu, baba asilalie unyevu.

Mwanao,
Sosthenes

Mafinga, 13 Julai

Sosthenes baba,

Kamwene mwanangu, pole na kifua. Sisi tunajikongoja. Baba yako ule upande wa kulia bado umekufa, na vidonda vinazidi kuchimba. Huku ni ukungu na manyunyu, shuka linalala kambani na kuamka limelowa. Namlaza juu yake hivyohivyo, nifanyeje?

Ubao tumeweka. Mashine inanguruma, inajivuta kidogo, inasimama, na ndani maji yamejaa. Baba yako amecheka kwa mdomo wake wa upande mmoja, akasema, "Sosthenes katuletea ng'ombe wa kulia tu, maziwa hana."

Maji yake hatuyamwagi. Dada yako Matilda ameupandisha mpira wa kutolea maji kwenye pipa, juu ya matofali, tunamwagilia mboga. Kisima si unajua kilivyo mbali.

Mama yako

Makongolosi, 20 Julai

Mama,

Kamwene. Natumaini baba anakula. Nimemsomea barua yako Sayi, fundi wa pampu hapa kambini. Akaniuliza, "Sasa hayo maji yapande kwenye pipa kwa miguu gani?"

Ni huo mpira, mama. Ushusheni ulale chini kabisa, maji yaishe yote, ndipo mkamue. Mboga ziache zife.

Mwanao,
Sosthenes

Mafinga, 3 Agosti

Mwanangu,

Kaa chini ndipo usome. Barua yako imechelewa, gari la Ezekia lilikufa njiani, Iyunga, kaileta juzi kwa basi. Baba yako tumemzika Jumanne. Vidonda viliingia sumu, homa ikamchukua. Hatukuwa na namba ya kukupata.

Jana wanawake walikuja kufua vitu vya marehemu. Matilda akaushusha mpira kama ulivyoagiza. Imezunguka, mwanangu, imezunguka mpaka ukuta ukatetemeka. Shuka alilofia limetoka karibu kavu. Nimekaa nalo mapajani, wenzangu wakadhani naomba. Sikuwa naomba. Nilikuwa nauangalia ule mpira.

Ezekia anasubiri gari litengenezwe, ndipo akuletee hii.

Mama yako

Makongolosi, 5 Agosti

Mama,

Kamwene. Hamjanijibu, na Ezekia sijamwona. Hii nampa dereva mwingine anayepita Mafinga kesho.

Kama kushusha mpira hakujasaidia, basi ni mkanda wa ndani umelegea. Sayi kanipa mwingine, na msimamizi kaniruhusu, kwa kununa. Nitaufunga mwenyewe. Na baba nitamgeuza mimi, wewe upumzishe mgongo.

Mwambie amchunge huyo ng'ombe wake. Nafika Jumamosi tarehe 9, jioni.

Mwanao,
Sosthenes