Kimya Nacho Kinachukua Nafasi

Shinyanga mjini, Jumapili, Agosti 1998. Upepo tangu asubuhi.

Vumbi limeingia mpaka katikati ya vitufe vya kibodi. Duka limefungwa, nami nimebaki humu na mashine kwa ruhusa ya mwenye duka, Bwana Jivraj, ambaye anaamini kwamba mwanamke asiye na mume hana pa kwenda siku ya Jumapili. Simbishii. Ufunguo ninao mimi.

Shajara hii naiandika kwenye mashine hiyohiyo. Ni maandishi matupu, hayana picha wala urembo, kwa hiyo hayali nafasi. Nalitaja hilo kwa sababu wiki nzima sijawaza kitu kingine ila nafasi.

Mashine yenyewe ni ndogo na diski yake ni ndogo zaidi. Aliiacha mwalimu mmoja wa kujitolea alipomaliza mkataba wake, akaiacha na Linux, mfumo ambao haununuliwi dukani, unagawiwa bure. Hauna vipicha vya kubofya. Skrini ni nyeusi, herufi nyeupe, unaandika amri na mashine inatii. Ukikosea inatii vilevile. Ukiiambia ifute, inafuta, wala haina pipa la taka la kwenda kuchakura kesho yake.

Jumatatu Bwana Jivraj alileta picha za kalenda ya duka ya mwakani. Yeye ni mtu wa kuwahi. Nikaziingiza kwa skana, na ya tatu ikagoma: diski imejaa. Bahati mbaya hiyo ya tatu ilikuwa yake mwenyewe, amesimama mbele ya duka mkono kiunoni, kwa hiyo jambo likawa la haraka.

Nikaanza kufagia. Nilifuta kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe kila inapowaka, kama mzee anayejisemea. Nilifuta michezo, ambayo sikuwahi kuicheza ila nilipenda kujua kwamba ipo. Nilifuta maelezo ya programu kwa lugha ambazo hapa Shinyanga hakuna atakayekuja kuziulizia. Ikapatikana nafasi kidogo, si ya kumtosha Bwana Jivraj na kiuno chake. Nikaiambia mashine inipangie mafaili kwa ukubwa, na la kwanza juu kabisa likawa la baba.

Mwaka jana madaktari wa Mwanza walimwambia baba kwamba koo lake lisipokatwa haponi, na likikatwa sauti haitarudi. Baba alifanya kazi miaka mingi Mwadui, kwenye mitambo ya kuoshea mchanga wa almasi, na kelele za kule zilimfundisha kuongea kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Sasa akaambiwa achague. Alichagua kuishi, lakini alichukua siku kadhaa kufikiri.

Wakati huo pacha wangu, Doto, alikwisha kuchumbiwa na mchimbaji wa dhahabu kule Geita. Kwetu, siku ya kumuaga binti, baba ndiye anayewasalimia wakwe na kumkabidhi mtoto wake kwa kinywa chake. Baba mdogo angeweza kusimama badala yake. Doto akasema hataki kukabidhiwa kwa mdomo wa kuazima. Ndipo baba alipokuja hapa dukani kabla ya safari ya Mwanza, akaketi mbele ya kipaza sauti, nami nikamrekodi kwenye mashine.

Alisalimia.

Baba ni Msukuma wa Didia, na salamu kwake si kizingiti cha kuruka. Aliwasalimia wakwe wa Geita, akangoja. Akawasalimia wazee, akangoja. Kina mama, akangoja. Akauliza habari za njia, za mvua, za ng'ombe, na kila baada ya swali alinyamaza akaangalia mbele kana kwamba watu wote hao wamejaa kati ya rafu za madaftari na spea za baiskeli. Nikamwonyesha kwa mkono aendelee. Mwishowe nikamwambia kwamba kile chombo hakijibu.

"Najua hakijibu," akasema. "Mimi nasalimia watu. Na nikisalimia, nangoja."

Nikamwacha. Nilidhani ni ukaidi wa kizee.

Basi Jumanne ya wiki hii nikalisikiliza faili lake na nikaona kwamba karibu nusu yake ni kimya. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilivikata vipande vyenye maneno, nikavipa namba, nikavipanga, na lile faili kubwa nikalifuta. Kalenda ikaingia yote. Bwana Jivraj akaja kujitazama kwenye skrini, naye akaweka mkono kiunoni bila kujua, akanisifu. Siku hiyo nilijiona fundi.

Leo baba na mama wamekuja kutoka Didia ili tuihamishe sauti kwenye kanda. Kule kwetu hakuna umeme, na shughuli ya kumuaga Doto ni Jumamosi, kwa hiyo itachezwa kwa redio ya betri. Mama alileta karanga za kuchemsha na utani wake wa siku zote, kwamba Doto alinifuata kutoka tumboni lakini njiani amenipita. Nikamwambia mimi naogopa vumbi la mbele. Baba alicheka kwa mabega, maana ndivyo anavyocheka sasa. Shingoni alikuwa na kitambaa safi.

Nikavipiga vipande, kimoja baada ya kingine.

Sauti ya baba ikatoka vizuri kabisa, ile kubwa ya Mwadui, ikianza na salamu ya Kisukuma. Mwangaluka wakwe zangu mwangaluka wazee wangu kina mama hamjambo njia ilikuwaje mvua imenyesha huko. Mama alikuwa amefungua mdomo kuitikia ya kwanza, na ya tatu ikampita. Akaikimbilia ya nne, ikampita nayo. Akafunga mdomo. Baba alikuwa amekaa mikono magotini, anamsikiliza mtu huyo mwenye sauti yake. Ilipofika mwisho aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, akatupa mgongo.

"Amesalimia kama mtu anayekimbizwa," mama akasema. "Wakwe watajua tunawafukuza."

Niliona haya, na si haya ndogo. Wale watu wa Geita hawajawahi kumsikia baba akisema neno. Jumamosi watamsikia mara moja tu katika maisha yao, na mimi nilikuwa nimemfanya mtu asiye na adabu, kwa ajili ya kalenda.

Nikasema nitavirudisha vile vimya. Programu inaweza kutengeneza kimya cha urefu wowote. Nikaiagiza, nayo ikajibu kwamba diski imejaa. Nikakaa nikaitazama ile sentensi. Kumbe kwenye diski kimya kinachukua nafasi sawasawa na maneno, dakika kwa dakika. Kwa hesabu nililijua hilo tangu zamani, na hiyo ndiyo sababu nilikikata. Sasa mahali pake amesimama Bwana Jivraj, na nikimfuta yeye, kesho sina kazi.

Mama alimenya karanga.

Kilichoniokoa ni redio yenyewe. Ilikuwa pale mezani, kanda iko ndani, inangoja. Kanda haijali. Inazunguka mtu akisema na inazunguka asiposema. Ningeweza kupiga kipande kimoja, nikaiacha kanda izunguke, kisha nikapiga kinachofuata. Kimya kingekaa kwenye kanda na diski isidaiwe kitu.

Lakini kimya cha urefu gani? Vile vya kwanza nilivifuta bila hata kuvipima. Nikajaribu kukisia, na katika salamu ya kwanza tu nilibonyeza mapema, mama akiwa bado hajamaliza kuitikia. Nikairudisha kanda nyuma. Hapo ndipo baba alipotoka mlangoni, akavuta kigoda, akaketi kando yangu akanionyesha kiganja: subiri.

Tukapangana. Redio inarekodi kwa kipaza sauti chake cha ndani, kwa hiyo mama ataitikia kwa midomo tu, bila sauti. Baba atainamisha kichwa salamu ikishapata majibu yake. Nami nitabonyeza.

Tukaanza upya. Mwangaluka wakwe zangu. Mama akaitikia kimyakimya, akamaliza, lakini baba hakuinamisha kichwa. Nilidhani amesahau. Kumbe alikuwa anawangojea wengine, wa Geita ni wengi, na wengine watakuwa wameketi nyuma. Kisha akainamisha, nikabonyeza. Wazee aliwapa muda mrefu zaidi, maana wazee hawaitikii mbio. Kwenye habari za ng'ombe alikaa mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mashine. Mabati yalikuwa yanalia kwa upepo na yatasikika kwenye kanda. Hakuna aliyeyajali. Tulikwenda hivyo, baba akiwa na kichwa chake na mimi na kidole changu, mpaka maneno ya kumkabidhi Doto yakapita, na mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kilibaki kipande kimoja. Jumanne nilikisikia nusunusu, nikadhani ni kikohozi na neno la kumalizia, nikakipa namba nikaendelea. Nikakipiga.

"Kulwa, mhola?"

Ni mimi huyo. Alikuwa ananiuliza mimi kama ni mzima, kama kuna amani. Nikakumbuka siku ile: macho yangu yalikuwa kwenye skrini, naangalia faili linavyokua, nikamwonyesha kwa kidole kwamba imetosha, nikazima. Kimya cha salamu hiyo sikukikata. Sikukiweka kabisa.

Kanda ikawa inazunguka. Nikangoja baba ainamishe kichwa ili nizime redio. Hakuinamisha. Nikamtazama mama, midomo yake imefungwa, salamu haikuwa yake. Nikadhani baba amechoka. Nikamgeukia, nikakuta ananitazama, mikono magotini, ametulia kama alivyotulia mwaka jana mbele ya watu ambao hawakuwapo. Alikuwa anangoja, na angeweza kungoja mpaka kanda iishe.

"Mhola, baba," nikasema.

Niliisema kwa sauti. Redio imeishika.

Baba akainamisha kichwa.

Mama alitaka turudie mwisho ule. Watu watasemaje, sauti ya pacha ambaye hajaolewa inajitokeza kwenye shughuli ya mwenzake, wengine wataona mkosi. Baba hakubishana. Aliitoa kanda kwenye redio, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Kabla hawajaenda kuwahi basi nilimuuliza kuhusu vipande vilivyobaki kwenye mashine. Nikamweleza kwamba sauti ni ileile ila haina kungoja, na kwamba redio wakati mwingine hutafuna kanda, kwa hiyo pengine tuviache. Nikataka aamue yeye. Akaonyesha kwa vidole: ondoa. Nikamuuliza tena. Akainamisha kichwa upesi kuliko mara zote za leo.

Nimevifuta jioni hii. Mashine imetii, haikuniuliza kama nina hakika. Diski sasa ina nafasi kubwa, ya kutosha picha nyingine kadhaa za Bwana Jivraj. Nimelia kidogo, kisha nikachukua brashi nikatoa vumbi kwenye kibodi, kwa kuwa lilikuwa linahitaji kutolewa.

Kesho Bwana Jivraj atafungua mlango na salamu yake ya harakaharaka, macho yakiwa tayari yamefika kwenye skrini. Nitaitikia. Kisha nami nitamsalimia, na nitangoja.