Holmsea, Kijiji cha Watu Elfu Kumi na Moja

Jumatatu, 2 Septemba 2013
Jirani yangu Clémence, fundi cherehani, amenuna. Binti yake Gaëlle amepata kazi ya unesi Uingereza – nyumba ya wazee, kijiji cha pwani kiitwacho Holmsea. Jibu linatakiwa Ijumaa, mwisho saa kumi na moja jioni. Tulikimbia kijiji Kivu, anasema mama mtu, tumefika Johannesburg, sasa mtoto arudi kijijini? Gaëlle ameniomba nimweleze mama yake jinsi kijiji hicho kilivyokua, maana nilifundisha jiografia Bukavu miaka thelathini. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatano, 4 Septemba
Asubuhi Braamfontein, maktaba ya chuo. Raha tupu! Mwaka 1801 Holmsea ilikuwa na watu mia tatu. Ikaja reli: elfu mbili. Kisha wastaafu kutoka mijini. Leo ni elfu kumi na moja, na wenyewe bado hawataki paitwe mji.

Jioni nikamweleza Clémence akiwa anashona. Kwa hiyo wengi hawakuzaliwa pale? Ndiyo. Kama sisi hapa Bellevue? Ndiyo, ila wao ni wazee zaidi. Akacheka: basi kazi ya mwanangu haitaisha.

Alishakubali. Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa sijafika kwenye udongo! Nikasema udongo wa pwani ya kule ni laini, bahari inaumega, mtaa mzima umeshaliwa.

Cherehani ikasimama. Mtaa mzima, Mwalimu?

Alhamisi, 5 Septemba
Clémence hajajibu salamu yangu. Gaëlle kaniambia kwa upole: Mwalimu, nilikuomba reli tu.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimepeleka ramani. Bahari hula nusu mita kwa mwaka; nyumba ya wazee iko mita mia tisa kutoka ufukoni. Itaifikia baada ya miaka elfu moja na mia nane. Clémence hakuniamini. Akachukua futi yake ya kushonea, akapima ramani mwenyewe, mara mbili. Nina mtoto mmoja, akasema bila kuniangalia.

Saa kumi na moja jioni ikafika. Gaëlle: basi, muda umekwisha. Haujaisha, nikamwambia – Uingereza iko nyuma yetu saa moja.

Clémence ameenda kuchemsha chai. Akirudi, anasema, nianze upya tangu watu mia tatu, nisimfiche kitu. Gaëlle ameshika simu, ananionyesha vidole vinne: dakika arobaini. Ananiomba kwa macho nifupishe.

Nitaeleza yote. Na udongo pia. Sasa naisikia sinia ya chai ikija.