Kidole Changu, Laini Yako

Mama, shikamoo.

Nimeandika neno hilo halafu nikasubiri, kama nilivyokuwa nikisubiri kwenye simu uitikie, "Marahaba baba, umekula?" Nimekula, mama. Nimekula wali na kambale kwa Mama Stela, yule mama anayetupikia hapa kwenye mashine za kukoboa mpunga, Mlabani, na leo nimekaa chini jua likiwa bado lipo. Mabega yangu yanashangaa.

Shule uliyonipeleka niliishia darasa la tano, kwa hiyo usitegemee maneno makubwa. Nataka tu kukueleza habari ya jina langu. Lilichafuka huku Ifakara, likawakwamisha watu wazima wasio na kosa, na sasa limesafishika. Wewe umo ndani ya habari hii tangu mwanzo wake, ndiyo maana sikuona mwingine wa kumwandikia.

Unakumbuka siku ya kusajili laini pale sokoni Itigi? Tulitangaziwa kwamba laini isiyo na alama ya kidole itafungwa, na wewe ukafunga kitenge kipya kana kwamba unaenda harusini. Yule dada mwenye kimashine akakuwekea kidole gumba, kikakataa. Akajaribu cha pili, kikakataa. Akakufuta kwa kitambaa, akakipulizia, wapi.

"Bibi, vidole vyako vimeisha," akasema.

"Havijaisha," ukamjibu. "Nimeviacha shambani kwenye uwele. Nenda kavichukue."

Foleni nzima ikacheka. Lakini hata kama vingekubali, namba ya kitambulisho ulikuwa huna. Ulijiandikisha, ukaambiwa usubiri, ukawa unasubiri. Ndipo ukanigeukia: "Yona, weka cha kwako. Si nilikutengenezea mwenyewe hicho?"

Nikaweka. Kwetu ilikuwa kawaida. Mtoto mmoja mwenye kitambulisho anabeba laini za ukoo mzima, na hakuna aliyeona ubaya. Laini ilikaa mkononi mwako, lakini kwenye mitambo wewe ulikuwa mimi.

Nilipokuja huku bondeni kutafuta maisha, jambo hilo lilituchekesha sana. Kila nikikutumia chochote, ujumbe unarudi ukisema nimemtumia Yona. Mwenye duka la uwakala, mzee mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani, alinitazama juu ya miwani akasema, "Wewe bwana, unajitumia pesa mwenyewe? Mfuko mmoja umetoboka?" Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa.

Sikukwambia sana kuhusu kazi yenyewe. Ulidhani kwenye mchele mwingi kuna raha. Magunia ya huku ni lumbesa, mama: gunia linajazwa mpaka shingoni, halafu linaongezewa kilemba juu na kushonewa kamba. Unalitoa kwenye trekta lililotoka mashamba ya Katindiuka, unalipeleka kwenye mashine ya kukoboa, na likishakuwa mchele unalipandisha kwenye lori. Mwenzangu wa kubebeshana ni Shabani, Mpogoro wa hapahapa, mdomo wake hauna likizo. Bila yeye ningekuwa nimesharudi nyumbani au nimeshakufa.

Kufa nilikaribia masika yale niliyolazwa. Malaria na taifodi vilinikuta pamoja. Shabani alinifikisha hospitali kwa baiskeli yake, mimi nimefungwa mgongoni kwake kwa shuka kama mtoto, maana nilikuwa nadondoka. Nikakupigia nikiwa kitandani. Sikukuomba chochote, unajua sikukuomba, lakini jioni ileile pesa ikaingia.

"Nimeuza kuku," ukasema. "Wale wekundu wote. Wewe pona, kuku wataanguliwa wengine."

Nikapona. Kabla uwele haujaiva, mdogo wangu Neema akanipigia analia, na nilifika Itigi nikakuta watu wameshakaa msibani kwako. Mjomba alichukua simu yako. Mimi nilipewa kanga yako ile ya njano, na kwenye pindo, pale ulipokuwa unafunga pesa, palikuwa na fundo. Nililipapasa, nikaona ni laini ya simu. Sikulifungua. Nilirudi nayo Ifakara hivyohivyo, nikaiweka chini ya godoro, nikaendelea kubeba.

Sasa ndiyo tunafika kwenye jina.

Wazo lilikuwa la Shabani. Alisema mabega yetu hayana spea, bora tukope pamoja tununue toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, tubebe magunia kwa injini. Ofisi moja ya mikopo hapa mjini inakopesha vikundi, kila mtu akiwa dhamana ya mwenzake. Mama Stela akaingia, alitaka kuezeka banda lake maana mvua inanyesha hadi kwenye sufuria. Wakaingia na wenzetu wengine wa mashineni. Tukahudhuria vikao, tukapiga picha, mpaka Shabani akaanza kubishana nami tutaliandika nini lile toyo nyuma.

Siku ya majibu afisa mikopo, dada mmoja mpole mwenye miwani, alinitazama mimi peke yangu.

"Kaka Yona, jina lako kwenye mfumo linasoma vibaya. Una mkopo wa simu ambao haujalipwa muda mrefu. Alama zako za ukopaji zimeshuka mpaka chini."

"Mimi? Sijawahi kukopa kwenye simu, dada."

"Yona!" Mama Stela akashika kiuno. "Kwangu hujawahi kukopa hata chai. Huko umekopa lini?"

"Kumbe nabebeshana magunia na mwenye siri," Shabani akasema. Alitaka kutania, lakini sauti haikucheka.

Dada akaeleza kwamba kikundi kinapimwa kwa wote, mmoja akichafuka wote wanasimama. Wanaweza kuniondoa wakaweka mwingine, au wasubiri nijisafishe. Mama Stela akasema, "Tutamsubiri. Lakini kidogo, Yona. Masika yanakuja, banda langu halijui kusubiri."

Mimi nilikuwa nimewaka. Nikasema kuna mwizi ametumia jina langu, na namtaka uso kwa uso. Dada akageuza kompyuta yake ili nione namba iliyokopa. Nikaisoma. Ilikuwa namba ninayoijua kwa kichwa kuliko ya kwangu mwenyewe.

Nikatoka nje, nikakaa penye baiskeli za wateja, nikampigia Neema.

"Neema, mama aliwahi kukopa kwenye simu?"

"Mara moja tu. Ulivyolazwa."

"Nilivyolazwa aliuza kuku."

"Kuku gani, kaka? Kideri kilikuwa kimeshapita, kimewaua wote, kimebaki kibanda na manyoya. Alimwita mwalimu wa jirani ambonyezee. Akatuambia ole wake atakayemwambia Yona."

"Mbona hakulipa sasa?"

"Alisema atalipa akivuna uwele. Huo uwele aliuvuna nani? Tuliuvuna mimi na mjomba, yeye yuko chini. Na mimi nilidhani deni la marehemu linaisha na marehemu."

Mama, nilikaa pale mpaka mwenye baiskeli akaja kuniambia nimeegemea tairi lake. Mwizi niliyemtaka uso kwa uso alikuwa wewe. Na nilipofikiri vizuri nikaona ule mfumo haukukosea hata kidogo. Kidole kilikuwa changu, jina langu, na dawa ziliingia kwenye mwili wangu. Deni lilikuwa langu kwa haki, ila nililijua baada ya wote kulijua.

Nilirudi chumbani nikatoa kanga chini ya godoro. Fundo ulilolifunga lilinisumbua kulifungua. Laini ilikuwa imeshakufa kwa kukaa bila kutumika, nikaipeleka kwenye duka la kampuni ya simu. "Weka kidole," wakaniambia. Nikaweka kilekile cha Itigi, ikafufuka. Nikaenda kwa mzee wa uwakala, nikamwambia aingize pesa kwenye namba ile.

"Inaleta Yona. Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Lakini ni mama."

Aliniangalia, akabonyeza. Pesa ikaingia, papo hapo ikakatwa. Wiki iliyofuata nikaweka, ikakatwa. Lilikuwa deni dogo ulipokopa, lakini riba na faini zilikuwa zimelivimbisha. Nikabeba na siku za Jumapili, Mungu anisamehe. Shabani, ambaye nilidhani amenichoka, akawa ananiachia zamu zake za malori. Nilipotaka kumshukuru akasema, "Usinishukuru, nalitaka toyo langu." Halafu akainama kunitwisha gunia, akaongeza polepole, "Mama yako aligharamia mtu niliyembeba kwenye baiskeli. Basi na mimi nimo."

Ukaja ujumbe kwamba deni limekwisha. Nikakimbia nao ofisini kama mwanafunzi aliyefaulu. Dada akanipongeza, kisha akaniambia bado. Huo ujumbe ni wa kwenye simu yangu. Waliokopesha ndio wanaotakiwa kupeleka taarifa kwenye mfumo, na nisipowafuatilia naweza kusoma mdaiwa mpaka nizeeke. Niombe barua ya kumaliza deni. Nikawapigia waliokopesha, nikapigiwa muziki, nikaambiwa niendelee kusubiri, nikapigiwa muziki tena. Nilizoea ule wimbo nikawa nauimba nikiwa na gunia kichwani, Shabani anaitikia. Barua ilitoka. Nikaipeleka, tukasubiri, na jina langu likabadilika: amelipa, alichelewa.

"Hiyo ya kuchelewa haifutiki?" nikauliza.

"Itakaa, kaka. Ila itapungua nguvu ukiiwekea mazuri juu yake. Kopa kidogo, lipa kabla ya siku. Kopa tena, lipa tena."

"Dada, mimi nimetoka shimoni na tope bado halijakauka, unaniambia nirudi?"

Akacheka. "Safari hii unaingia na ngazi. Na uangalie laini zote zilizo kwenye jina lako. Zisizo zako zifute."

Nilikwenda kuangalia. Zilikuwa mbili tu, yangu na yako. Aliyenihudumia akauliza, "Hii iliyosajiliwa Itigi tuifute?" Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikamwambia aiache. Sikuwa na sababu ya kumweleza mtu wa dukani, ila nilijua kwamba pale palipochafuka ndipo patakaposafishwa.

Kwa hiyo niliitumia laini yako, mama. Nakopa kidogo, nanunua pumba za mashineni, nazipeleka kwa wafuga nguruwe Katindiuka kwa baiskeli ya Shabani, narudisha kabla ya siku. Mara ya kwanza nilisoma masharti mara mbili kabla ya kubonyeza. Baadaye nikazoea, na kile kiwango wanachokuruhusu kukopa kikaanza kupanda chenyewe. Mama Stela akawa ananiuliza kila asubuhi akinimiminia chai, "Jina linaendeleaje?" kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Nikawa namjibu, "Limeamka vizuri, limekunywa uji."

Masika yalianza kabla hatujaitwa. Banda la Mama Stela lilivuja kama alivyosema, akatupikia amefunika masufuria kwa mabati, na hakunisema neno. Hilo liliniuma kuliko kama angenisema. Kisha tukaitwa. Dada akafungua kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Kaka Yona, hii laini yako ya zamani ndiyo iliyokubeba. Hii nyingine haina historia yoyote. Mmepita. Wote."

Mama Stela alipiga vigelegele mle ndani mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Shabani alinikumbatia akaniambia nanuka pumba. Mimi nilihisi kama siku ile unapotua gunia la mwisho la lori, unasimama, na mwili bado unadhani una mzigo.

Toyo ni la bluu. Nyuma tumeandika TUMEPONA, baada ya kubishana mpaka mchoraji akachoka. Safari ya kwanza tulitoka nalo Katindiuka na lumbesa zimejaa bodi, Shabani anaendesha, mimi nimekaa juu ya magunia. Mama, nimekaa juu yake! Miaka yote yamekaa juu yangu. Upepo ulikuwa unatoka mashambani, mpunga umechanua, na nilikuwa nacheka peke yangu hadi watu wa baiskeli wakageuka.

Marejesho nayalipa kupitia laini yako, kabla ya siku. Mzee wa uwakala kila mara ananiuliza kama bado najitumia mwenyewe, nami namwambia ndiyo, mfuko umeshonwa. Nimechoka bado, sitakudanganya, na nyumbani ni mbali. Lakini ni uchovu wa mtu anayelala usingizi.

Jambo la mwisho ndilo nililotaka kukwambia tangu mwanzo. Juzi nilimtumia Neema pesa kidogo, nikampa maagizo. Leo amenipigia, na nyuma yake nimesikia kelele kibandani. Ni wekundu, mama, amewachanja kideri wote. Kwa hiyo ule uongo wako sasa umekuwa kweli: kuku wengine wapo.

Basi pumzika huko uliko, hudaiwi na mtu.

Ni mimi mwanao, uliyenitengenezea kidole,
Yona