Saison Bila Kufula Maillots

Lubumbashi, Congo, commune ya Kenya

Yaya Alphonse,

Jambo yako, jambo ya bibi yako Princesse, jambo hata ya ile baridi ya Montréal kama ingali inawashika. Afya iko muzuri? Huku kwetu tuko bien. Mama anaamuka na magoti ya kuuma, lakini akifika ku chorale ya kanisa anacheza kupita batoto. Miye niko tu na kazi yangu ya kutengeneza matelefone. Hakuna mwenye alinifundisha, naharibisha moya, natengeneza mbili, na sasa ku avenue banaanza kuniita ingénieur!

Utashangaa juu ya nini naandika barua sawa bantu ba zamani, wakati WhatsApp iko. Yaya, ni juu ya maillots, zile jezi ya kuchezea mupira. Hii maneno ikiingia mu groupe ya basupporters, président wetu Papa Kapya ataanguka palepale. Namupatia Elisée wa jirani hii barua, anapanda ndege ya kule juma hii. Soma peke yako.

Unakumbuka we mwenyewe njo ulitoa ile sheria. Wakati équipe yetu ya mupira, Etoile, ilianza kushinda, ulituma audio, unapiga kelele sawa pasteur: muntu asifule maillots mpaka tupande division, tusifukuze chance, ile bahati yetu, na sabuni. Bote balisema amina. Ulichezaka ailier, winga wa kushoto, hapa, neno yako ni chuma. Na kwa sababu Mama njo anachungaka maillots ya équipe, harufu yote ilibakia kwetu.

Sasa, siku moya kabla ya ile match ya mwisho. Ulijua hesabu: tushinde Tonnerre ya Katuba, ao tubakie chini mwaka ingine tena. Hata sikukula. Mama alikuwa ku répétition ya chorale, miye ku kazi. Na Léa, ule mutoto wa tantine wetu wa Kasenga, akafika na sac ya samaki ya kukausha. Léa unamujua, akifika kwa bantu hawezi kukaa bila kutumika. Akafwata harufu, akakuta bassine ya maillots. Wakati narudia, nakuta maillots yote ya Etoile ku kamba, inatona maji, ile rangi yao ya jaune, ya manjano, inangaa sawa siku ya Pâques.

Nilipiga kelele mpaka majirani baliuliza nani alikufa. Léa akaanza kulia, anauliza kama kwetu Lubumbashi kufula ni zambi. Nikamueleza. Akasema kwao Kasenga équipe yenye kunuka inapoteza basupporters kwanza. Haikuwa wakati ya kucheka! Kesho yake asubui Papa Kapya alikuwa anakuya kubeba maillots, na ule ananusaka moya moya, sawa muntu anachagula samaki ku soko. Njo nikapata akili. Tukaikausha na fer ya kupiga pasi, tukaipakala kavumbi ya parcelle, ya inje ya nyumba, tukaifunga mu ile sac ya samaki mpaka asubui.

Papa Kapya alinusa. Akafunga macho. Akasema ah, leo chance imekomaa.

Match uliifwata ku telefone, lakini telefone haipitishi harufu. Tonnerre balitia but, goli ya kwanza, na nikajua ni miye na Léa tuliua équipe. Nilitaka kutoka ku stade. Lakini ule défenseur wao mukubwa, kila mara Caleb, muchezaji wetu, anamukaribia ku corner, alikuwa anageuza uso. Akamuuliza arbitre, refa, kama bale balitoka ku vestiaire ya kuvalia ao ku pirogue ya bavuvi. Arbitre akamuambia acheze. Na wakati angali analalamika, Caleb akaruka peke yake, kichwa, but! Na ya pili sawa vile, tukashinda! We ulisikia makelele. Miye sikusikia kintu, nilikuwa chini, Léa juu yangu, tunalia bote bawili.

Tulirudia ku nyumba, nikashindwa kubeba ile siri, nikamuambia Mama yote. Léa anatazama chini. Mama akacheka mpaka akaikala. Akatuambia kisha match mbili tatu ya kwanza, na kabla ya vumbi yetu, hakuna match hata moya yenye Etoile ilicheza na maillot ya buchafu. Hata moya, Yaya! Kisha kila match alikuwa anafula mu chumba yake, mulango ya kufunga. Alianza siku yenye Caleb alimuonyesha mugongo, bipele tupu, anajikuna mpaka damu, na anaogopa kusema juu ya sheria yako. Mama akaona hawezi kuharibisha ngozi ya mutoto wa bantu juu ya chance. Na harufu? Maji ya muhogo yenye kulowa, matone kidogo ku makwapa. Saison nzima Papa Kapya alikuwa ananusa muhogo, anashukuru Mungu.

Basi Mama anakuomba kintu moya. Papa Kapya ameshatangaza kama hata mu division ya juu hatutafula. Mama anasema anachoka kujificha sawa mwizi mu nyumba yake. We njo ulifunga ile sheria, we njo ufungule. Tuma audio, sema hata uliota ndoto, lakini usimutaje Caleb wala muhogo.

Na ingine. Princesse alimupigia Mama. Alisema we pia ungali unavaa maillot yako ya Etoile tangu ile audio, bila kufula, na yeye alikufukuza mu chumba, unalala ku salon. Yaya! Shiye bote huku tunanukia sabuni, we peke yako ku dunia njo ulishika ile sheria. Mama anasema anza na yako. Maji ya moto, sabuni, mara mbili.

Léa anakusalimia sana, Mama anakubariki, na miye nangojea audio. Kaa na amani, na urudie mu chumba.

Ni miye mudogo wako mwenye kukupenda,

Joëlle